Sarafu Zenu Hazina Kosa Hata Moja

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Kutengeneza Sarafu.

KUHUSU: UKAMILIFU ULIOPITA KIASI KATIKA SARAFU ZA RANGI MBILI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, nikiamini barua hii itakukuta mzima, wewe, familia yako na mitambo yako. Mimi ni karani mstaafu. Nimetumikia ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na mmoja, nikaagwa kwa saa ya ukutani na hotuba ya dakika nne, ambamo mkuu wangu alitaja jina langu mara mbili, na mara zote mbili halikuwa langu. Sikunung'unika. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba huandikiwi na mtu mwenye chuki na makosa. Ofisini kwetu tulikosea kila siku ya kazi, na Jumamosi nusu siku. Makosa yamenisomeshea watoto.

Ninalolalamikia ni kinyume chake. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimekagua sarafu zenu za rangi mbili, zile zenye pete nyeupe na kitovu cha manjano, na sijaona kosa hata moja. Nimekosa kosa, Mheshimiwa. Kwa mtu aliyezaliwa hapa, akasoma hapa na kuajiriwa hapa, kukosa kosa ni jambo la kustaajabisha, na kwa umri wangu ni jambo la kuumiza. Naomba uniruhusu nieleze kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

1. Chanzo cha yote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni kinyozi. Mtaani wanamwita Taarifa, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake unainuka na nywele pungufu na habari zaidi. Alikuja nyumbani Jumapili mchana, akakataa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa sarafu ya metali mbili kama hizi zenu, ila kitovu chake kilikuwa kimehama na kuipanda pete, kama mtu aliyelala mguu ukaning'inia nje ya kitanda. Akasema mwenye nayo alirudishiwa dukani kama chenji, na sasa anaendesha gari.

“Gari la nani?” nikamuuliza.

“Lake, shemeji! Kwa sarafu moja! Kosa la kiwanda!”

Akanifundisha aina zake. Kuna kitovu kilichohama. Kuna pete tupu isiyo na kitovu kabisa. Kuna iliyogongwa picha ya mbele ikiwa imesimama na ya nyuma ikiwa kichwa chini. Na kuna iliyo adimu kuliko zote, ambayo rangi zimebadilishana, pete ikawa ya manjano na kitovu kikawa cheupe. Hiyo ya mwisho, alisema, mtu akiipata asimwambie hata mke wake. Mke wangu, yaani dada yake, alikuwa ameketi hapo hapo akichambua vifungo.

Nilimsikiliza kwa uchungu. Maisha yangu yote nimetengeneza makosa kwa mikono yangu mwenyewe, bila kujua kwamba kuna watu wanayanunua.

Mke wangu ana duka dogo la vifungo, nyuzi, zipu na sindano. Kesho yake nilinunua lenzi, nikahamishia kiti changu karibu na droo, na kuanzia siku hiyo hakuna sarafu iliyoingia wala kutoka kabla sijaipitisha kwenye jicho. Niliigeuza mbele, nyuma, na ubavuni. Niliifuta kwa kitambaa. Zile zilizochakaa nilizisugua kwa dawa ya meno. Mteja aliyekuja kununua vifungo viwili alisimama muda ambao angeweza kwenda mjini akarudi. Mke wangu alivumilia siku nne. Siku ya tano akaniambia mbele za watu, “Baba, huyu mama anasubiri chenji, hasubiri matokeo ya maabara.” Wateja wakacheka. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Daktari wa Chenji, na watoto wakiniona wanajishika tumbo na kuomba dawa.

Yote hayo ningeyameza kama ningepata japo kasoro ndogo. Sikupata. Pete zenu zimekaa sawa. Vitovu vyenu viko katikati, tena katikati kweli, nimepima kwa rula ya shule. Inakuwaje kiwanda cha umma kinafanya kazi namna hii bila kumwonea haya mtu yeyote?

2. Nilipoona droo ya duka ni kisima kifupi, nilikwenda benki. Nilichukua akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kubadilisha bati za chumba cha nyuma, nikaomba yote nipewe kwa sarafu za rangi mbili. Dada wa dirisha la tatu, mtu mpole, aliniuliza kama ninafungua duka. Nikamjibu ni utafiti. Mifuko ikatolewa, nikakodi mkokoteni, na mwenye mkokoteni akawa anageuka kila hatua kumi kunitazama, kama anayefikiri kuna siku ataitwa kutoa ushahidi.

Nilikagua mezani, meza ikavunjika mguu. Nikahamia sakafuni. Mvua zilianza nikiwa mfuko wa tatu. Mke wangu alihamisha kitanda mara ya kwanza, akahamisha mara ya pili, kisha akaja mlangoni na beseni lililojaa maji, akasimama tu. Mheshimiwa, nimewahi kukaripiwa na wakuu wa idara watano. Hakuna aliyenikaripia kama beseni lile.

Mifuko yote ilikuwa safi. Nilipoirudisha benki, dada wa dirisha la tatu akauliza kwa wasiwasi, “Mzee, zina tatizo gani?”

“Hazina tatizo,” nikamwambia. “Hilo ndilo tatizo lenyewe.”

Akamwita meneja. Meneja akaniuliza kama nina mtoto ninayeishi naye karibu.

3. Jirani yetu fundi viatu alifariki, na katika kuchangia msiba nilikabidhiwa bakuli la rambirambi, kwa kuwa mimi ni mstaafu na ninaaminika. Sarafu zilikuwa nyingi. Nilijitenga pembeni ya tangi la maji, nikainamisha kichwa, nikaweka lenzi jichoni. Nilikuwa katikati ya kazi nilipohisi mkono begani. Alikuwa mjane mwenyewe. “Jikaze, mzee,” akaniambia, naye analia. “Alikupenda sana.”

Sikuweza kumweleza. Ikabidi nilie. Nalo hilo nalihesabu kwenu.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Mke wangu alilisoma akasema likibaki atakwenda kukaa kwa dada yake, na dada yake hana nafasi.

5. Baada ya hapo shemeji alikata shauri kwamba kama kiwanda hakikosei, basi tukosee sisi kwa niaba yake. Alikuja na nyundo, boliti na kipande cha reli. Alitoboa kitovu cha sarafu ya kwanza, kikaruka na kuvunja kioo cha saloni yake mwenyewe. Cha pili kilikwama nusu ndani, nusu nje. Tukaona kinafanana sana na kile cha kwenye picha, tukaifunga sarafu hiyo katika pamba, tukampelekea fundi saa. Huyu ni mzee mwenye kibanda kando ya posta, anatengeneza saa na kukusanya sarafu za zamani, na ndiye mtu pekee mjini anayejua mambo haya.

Hakutumia hata lenzi. Aliishika, akainusa, akairudisha.

“Hili si kosa la kiwanda,” akasema. “Hili ni kosa lenu.”

Shemeji akataka kujua tofauti iko wapi, maana kosa ni kosa. Fundi saa akamjibu kwamba kosa la kiwanda linatoka kwa mtu aliyekuwa anajitahidi kufanya vizuri, na letu limetoka kwa watu wawili waliokuwa wanajitahidi kufanya vibaya. Kisha akatuambia jambo ambalo limenifanya niandike barua hii. Alisema hata nyinyi mnakosea. Mashine inateleza, kitovu kinakaa upande. Lakini mmeweka wakaguzi wawili mwishoni mwa mstari, na wakiona sarafu yenye kasoro wanaitupa kwenye tanuru ikayeyushwe upya.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nilikaa chini kwenye kigoda cha wateja. Mnayeyusha!

Nani kawapa ruhusa hiyo? Ofisini kwetu kosa likishatokea lilipigwa muhuri, likawekwa kwenye bahasha, na mwananchi akakabidhiwa siku hiyo hiyo kwa mkono. Hatukumnyima mtu. Na si sisi tu. Mtaani kwetu kibao cha kuelekeza zahanati kimegeuzwa kinaelekeza makaburini, na kiko hivyo mwaka wa sita. Watu wa umeme walichimbia nguzo katikati ya mlango wa marehemu fundi viatu, akawa anaingia nyumbani kwake kwa ubavu, na hata siku ya kulitoa jeneza lake ilibidi tulisimamishe. Mama mkwe wangu ametangulia mbele ya haki mwaka wa tisa huu, na bado anapiga kura. Uchaguzi uliopita alijitokeza mapema kuliko mimi. Barabara ya kwenda sokoni ilijengewa daraja zuri la zege, ila mto uko upande wa pili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotupwa kwenye tanuru. Vyote vimefunguliwa rasmi kwa utepe.

Nyinyi peke yenu, ambao kosa lenu lingemnunulia mtu gari, ndio mmeamua kuwa waangalifu.

6. Hili la sita ni refu, na naomba ukae.

Kwenye kibaraza cha duka la mke wangu anakaa mshonaji. Cherehani ni yake, kivuli ni chetu. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja alikuja ofisini kwangu kuchukua cheti cha kuzaliwa ili aajiriwe katika kiwanda cha sare. Alizaliwa mwaka wa sabini na tisa. Mimi nikapiga tisini na saba. Vidole viliteleza, na chakula cha mchana kilikuwa karibu. Kwa mujibu wa cheti kile, siku aliyokuja kukichukua alikuwa na umri wa miaka mitatu, na alisaini daftari mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kiwanda kikamwajiri. Hakuna aliyeuliza. Aliporudi kuniambia kuna kosa, nikamwambia aje Jumatatu. Sikumtajia Jumatatu ipi.

Miaka ikapita, akazaa, akalea, kiwanda kikafungwa, akanunua cherehani yake, akaja kibarazani. Hatukuwahi kulizungumza. Mwaka jana binti yake, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika hospitali ya nchi nyingine, akaenda kuomba pasipoti. Wakataka cheti cha mama. Afisa wa pasipoti akakisoma. Alikuwa mtumishi wa kwanza kukisoma, kwa sababu hata mimi niliyekiandika sikukisoma. Akahesabu kwa vidole, akamwambia binti, “Mama yako alikuzaa akiwa na miaka mitano. Nenda kamlete mama mwenyewe.”

“Ndiye mimi,” akasema mshonaji, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

“Haiwezekani,” akajibiwa. “Wewe ni mdogo mno.” Na mshonaji tayari ana mvi.

Ili cheti kirekebishwe kuna fomu, na fomu hiyo inataka saini ya karani aliyekosea. Mshonaji aliileta. Kwa miezi mitatu ilikaa pembeni ya droo, kila asubuhi anaisogeza karibu na mkono wangu na kila jioni anaikuta ilipo. Nilikuwa na sarafu za kukagua. Tena nitasema kweli, kwa kuwa mimi na wewe hatujuani: sikutaka kusaini. Miaka thelathini na mmoja, Mheshimiwa, na pale palipoandikwa “Eleza kosa ulilofanya” pameachwa mistari mitatu mizima, kama vile mimi ni mtu wa kuandika insha.

Siku moja nilikuwa nimeinamia droo, lenzi jichoni, nikilaumu kwa sauti kwamba nchi nzima haina kosa moja la kumtosha mzee kama mimi. Mke wangu alikuwa anapima utepe. Hakuinua hata macho.

“Kosa unalolitafuta,” akasema, “limekaa hapo nje linashona.”

Cherehani ikanyamaza. Alikuwa amesikia. Nikaivuta fomu, nikasaini, nikaandika mistari yote mitatu na wa nne pembeni.

Tulikwenda pamoja, mimi na yeye, mpaka ofisi yangu ya zamani. Tulipanga foleni nje kuanzia asubuhi, na ndipo nilipojua kwamba upande ule wa ukuta hauna kivuli. Miaka yote ile niliuona ukuta kwa ndani. Aliyekaa kwenye kiti changu ni kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinishangilia, akanipa kiti, akafungua kompyuta, akatazama.

“Mzee, hapa hakuna kosa,” akasema.

“Lipo. Nimelifanya mimi.”

“Mfumo hauonyeshi kosa.”

“Nimelifanya kwa vidole hivi hivi,” nikamwambia, na nikamwonyesha.

“Usijiseme vibaya, mzee wangu. Wewe ulikuwa mfano kwetu.”

Tulirudi mara nne. Mara ya pili umeme ulikatika. Mara ya tatu alikuwa semina, na semina ilihusu huduma bora kwa mteja. Nilimwona mshonaji akihesabu siku kwa midomo, maana hospitali ya huko ilikuwa imempa binti tarehe ya mwisho, na zile siku alizokaa kwenye foleni alikuwa hashoni. Alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananiletea maji. Laiti angenilaumu, ningejua la kujibu.

Mara ya nne kijana alikubali, akabonyeza, cheti kipya kikatoka kikiwa bado na joto. Mwaka ulikuwa sabini na tisa. Nilifurahi mpaka nikampa mkono kila aliyekuwa kwenye foleni. Tulikuwa tumefika nje ndipo mshonaji akakisoma tena, polepole, akaweka kidole kwenye neno moja. Palipoandikwa jinsia, paliandikwa ME.

Tulipogeuka dirisha lilikuwa limeshafungwa, tukakipeleka hivyo hivyo. Afisa wa pasipoti alikipokea siku hiyo hiyo, akakilinganisha na cheti cha binti. “Sasa,” akasema, “tuna baba wawili, na mama hatuna.”

Tarehe ikapita. Nafasi ile ilipewa mwingine. Binti amebaki kwenye zahanati ya mtaani, ile ambayo kibao chake kimeelekea makaburini, na siku hizi nikipita dirishani pake ananisalimu kwa adabu sana, kama mtu anayemsalimu mgonjwa.

Nimebakiza jambo moja, na silisemi kwa kujivunia. Mshonaji aliporudi kibarazani na kuweka kile cheti juu ya cherehani, mimi nilitoa lenzi. Ni mazoea, Mheshimiwa; mkono ulikwenda wenyewe. Nikakiangalia, nikamwambia akitunze vizuri, kwa sababu ni kitu adimu.

Alikata uzi kwa meno.

“Mzee wangu,” akasema, “ukiliokota wewe kosa, unapata gari. Nikipewa mimi, mwanangu anakosa safari.”

Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo ameigeuza cherehani, anashona akitazama barabarani, na mimi naona mgongo.

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima nikiyatafutia jibu. Nilijaribu jibu la kiofisi, nikajaribu la kifamilia. Mwishowe nikaona kwamba mshonaji hakunitukana. Alikuwa ameniandikia maombi yangu, nami kilichobaki ni kuyapiga chapa. Makosa ya nchi hii hayapungui, Mheshimiwa. Yamegawiwa vibaya. Yako mengi mno pale yanapoumiza, na hayapo kabisa pale ambapo yangetunufaisha. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, wale wakaguzi wako wawili wahamishwe mara moja waende ofisi ya usajili, pamoja na tanuru lao. Wakae mwisho wa meza. Cheti kikipita kinachomfanya mwanamke kuwa mwanamume, au mama kuwa mdogo wa mwanawe, wakitupe motoni kabla hakijamfikia mtu. Watakuwa na kazi nyingi, kwa hiyo wapewe na maziwa.

Pili, nafasi zao kiwandani zijazwe na makarani watatu wa usajili. Nasema watatu kwa sababu mmoja atakuwa amekwenda kunywa chai.

Tatu, watu wa barabara walioweka daraja pasipo na mto wakabidhiwe mashine ya kugonga vitovu. Baada ya wiki mbili kila mwananchi atakuwa na sarafu ya ajabu mfukoni, na kila mto utakuwa bado haujapata daraja, lakini angalau pasipo na mto hapatajengwa daraja jingine, na hayo ni maendeleo.

Nne, ili pasiwe na upendeleo, sarafu zenye makosa zigawiwe kwa haki, kuanzia kwa watu ambao tayari wameshapokea makosa ya serikali kwa njia nyingine. Waje na vyeti vyao, bili zao na vibao vyao vya barabarani kama ushahidi. Kwa kila kosa lililowaumiza wapewe moja la kuwanufaisha. Najua mtasema kiwanda hakina mitambo ya kutosha kwa idadi hiyo. Ongezeni zamu.

Tano, najitolea mwenyewe, bila mshahara. Sihitaji mafunzo. Nipeni kiti kibovu, dirisha lisilofunguka, foleni nje ya mlango na mkuu anayeondoka saa nne asubuhi. Mengine yatakuja yenyewe.

Nimeambatanisha wasifu wangu, pamoja na orodha ya makosa yangu ninayoyakumbuka, kurasa kumi na moja, pande zote mbili. La mshonaji nimeliweka juu kabisa. Nilianza kuiandika orodha hiyo kama sifa za kuombea kazi. Nilipofika ukurasa wa tatu nilianza kuwakumbuka wenyewe, sura zao, jinsi walivyokuwa wakiinama kwenye kidirisha kunisalimu, na kazi ikawa nzito. Nakala ya orodha nimempelekea yule kijana aliyekaa kwenye kiti changu, nikamwomba awatafute mmoja mmoja kabla hawajatafuta pasipoti. Ameniambia orodha ni nzuri, ila niiandike upya kwenye fomu.

Natanguliza shukrani, nikiamini utalichukulia jambo hili kwa uzito ule ule mnaoupa uzito wa sarafu. Wasalimie wote hapo kiwandani: mafundi wa zamu zote, walinzi wa geti, wanaofagia vumbi la shaba, na hasa wale wakaguzi wawili, ambao sina ugomvi nao kama binadamu. Mke wangu anakusalimu. Shemeji anakusalimu na anauliza kama hapo kiwandani mna kinyozi. Mshonaji nilimuuliza kama anakusalimu. Cherehani ilikuwa inapiga kelele, nadhani hakusikia.

Ni mimi, mwananchi mwenye subira inayopungua,

Karani Mstaafu,
Usajili wa Vizazi na Vifo.

Baada ya kusaini:

Leo asubuhi nilikwenda kununua bahasha na stempu kwenye duka la vitabu lililo karibu na stendi. Mwenye duka, mama mmoja mwenye haraka, alinirudishia chenji, na katika chenji hiyo kulikuwa na sarafu ya rangi mbili iliyoharibika vibaya. Kitovu kilikuwa kimekaa upande, pete ilikuwa nene huku na nyembamba kama uzi kule, na picha imekatwa kichwa. Damu ilinichemka. Nikamwambia, “Mama, mimi ni mtumishi wa umma wa miaka thelathini na mmoja, huwezi kunipa kitu kibovu namna hii.” Akaomba radhi, akanibadilishia. Ile nyingine niliikagua mbele yake, ikawa safi kabisa, nikamshukuru, nikaondoka.

Nilifika nyumbani nimeridhika, nikamsimulia mke wangu jinsi nilivyomfundisha adabu yule mama. Aliacha alichokuwa anafanya, akakaa sakafuni. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka, na kabla sijaelewa, nikasikia na kibarazani mtu anacheka.

Nimerudi dukani mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kandambili. Yule mama amesema ameshamrudishia mteja aliyenifuata, mtu asiyemjua, aliyeipokea bila kuitazama, akaitia mfukoni na kwenda zake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, pale pote nilipoandika kwamba hamkosei, naomba upafute. Mnakosea, tena vizuri sana. Ningeiandika barua upya, lakini stempu nimeshaibandika.